Bomba Linalopiga Shoti: Niliyojifunza Katika Nyumba ya Kupanga

Anayetafuta chumba Dar es Salaam huulizwa na dalali mambo mawili: ana kiasi gani, na ana familia au yuko peke yake. Yeye naye huuliza kama maji yanatoka, kama mita ya LUKU, yaani ya umeme wa kulipia kabla, ni ya kujitegemea au ya kuchangia, na kama choo ni cha ndani au cha nje. Katika miaka yote niliyopanga, kwanza Mbagala na baadaye Tandika, sijamsikia mtu akimuuliza dalali swichi kuu iko wapi, nani aliyefunga nyaya, au nondo za dirishani zinafunguka kwa ndani. Hayo ndiyo maswali yanayoamua kama watu watatoka wazima siku ya moto, na nyuma yake kuna sheria, ingawa wapangaji wengi hawaijui na wenye nyumba wengi hawajawahi kuonyeshwa.

Nyumba ya Tandika ilikuwa nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Temeke: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani kuna jiko la pamoja, bafu, choo cha shimo na bomba moja la maji. Kaya zote tulichangia mita moja. Masika yalipokolea, bomba la uani likaanza kupiga shoti. Aliyeshika koki akiwa amevaa kandambili kavu hakuhisi chochote, lakini aliyesimama peku juu ya saruji iliyolowa alihisi mtetemo ukipanda kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Watoto waligeuza jambo hilo kuwa mchezo, wakawa wanashindana nani ataishika koki kwa muda mrefu zaidi. Mama wa chumba cha mbele aliwafukuza, akaizungushia koki kitambaa kikavu, na kila mvua iliponyesha kitambaa kililowa kikabadilishwa. Kwa kipindi kirefu hiyo ndiyo ikawa dawa yetu.

Fundi aliyekuja kuangalia alikuwa kijana aliyesomea umeme VETA, chuo cha ufundi stadi. Aligusisha testa kwenye koki, taa yake ndogo ikawaka, naye hakusema kitu. Aliomba ngazi akapanda darini. Alichokikuta huko alituonyesha kwa simu yake: nyaya mbili zilizounganishwa kwa kusokotwa tu, na maungio yamefungwa kwa kipande cha mfuko wa rambo badala ya tepu ya umeme. Juu yake bati lilikuwa limetoboka kwa kutu, maji yanadondokea hapo hapo, yanateremka ukutani mpaka kwenye bomba la chuma. Aliposhuka alifungua swichi kuu na kukuta fyuzi imeondolewa, mahali pake pamewekwa nyuzi nene za shaba zilizosokotwa pamoja ili umeme usiwe unakatika kila mara. Tena waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa unaning'inia nyuma ya nyumba, haujashikana na chochote. Fimbo ya shaba ambayo hupigiliwa ardhini ilikuwa imekwisha kung'olewa, bila shaka na watu wa vyuma chakavu, maana shaba huuzwa kwa kilo.

Alitueleza jambo hilo kwa lugha ambayo kila mtu pale uani aliielewa. Umeme unaovuja hutafuta njia ya kwenda ardhini. Ethi ikiwapo, hupita huko kwa wingi na fyuzi hukatika, watu wakabaki kulalamika kwamba umeme umezimika. Ethi isipokuwapo, na fyuzi ikawa imebadilishwa kwa waya nene, hakuna kinachokatika, na njia iliyobaki ni mwili wa mtu aliyelowa. Kwa maneno mengine, mambo matatu yaliyokuwa yameharibika katika nyumba ile, yaani bati, fyuzi na ethi, kila moja lilikuwa limemfungulia mwenzake mlango.

Wapo waliosema tuite TANESCO, shirika la umeme. Inafaa ifahamike wazi kwamba shirika hilo huhusika na umeme mpaka kwenye mita; nyaya za ndani ya nyumba ni za mwenye nyumba, na anayezifunga anatakiwa kuwa fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wapangaji wengi hupoteza muda kwa kulaumu mahali pasipohusika, na mwenye nyumba hunufaika na mkanganyiko huo bila hata kukusudia.

Wenzangu walinituma mimi niende kwa mwenye nyumba kwa kuwa ndimi niliyekuwa nikikusanya pesa za LUKU.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu. Nyumbani hamjambo?”

“Hatujambo, mzee. Nimekuja kwa habari ya bomba la uani. Linapiga shoti, na fundi anasema nyaya za darini zimeoza.”

“Sasa mwanangu, umeme mnautumia ninyi. Pasi zenu, friji zenu. Mimi nimewapa nyumba nzima, haikuwa na tatizo. Chumba cha nyuma yule bwana ana friji mbili za kuuzia barafu, kweli au si kweli?”

Ilikuwa kweli. Nalieleza hilo kwa sababu mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mstaafu ambaye kodi ya vyumba vile ilikuwa sehemu kubwa ya riziki yake, na aliamini kwa dhati kwamba akishakabidhi funguo wajibu wake umekwisha, mpaka kodi nyingine itakapofika. Alipomaliza aliniambia kwa upole kwamba nisiporidhika naweza kuhama. Lakini nilikuwa nimelipa kodi ya miezi sita mbele, kama ilivyo desturi ya mji, na hakuna aliyetarajia kurudishiwa hata shilingi. Uzito wa desturi hiyo uko hapa: mpangaji anapogundua hatari, pesa yake imekwisha kutumika, na neno “hama” kwake lina maana ya kutafuta kodi nyingine ya miezi sita pamoja na mwezi mmoja wa dalali.

Aliyenifungua macho ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu. Hawa ni watu wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni ya bure. Yule dada hakuanza na hotuba. Alinisomea kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, kwa utaratibu, sentensi baada ya sentensi, akinifafanulia. Nilikuwa najua ile Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilikwisha futwa mwaka 2005, na kama wengi nilidhani kwamba tangu hapo mpangaji amebaki na mkataba wake tu, tena mara nyingi mkataba wenyewe ni karatasi moja inayotaja kiasi cha kodi na katazo la kupiga muziki usiku. Sivyo. Kifungu hicho kinaorodhesha ahadi ambazo sheria inazihesabu kuwa mwenye nyumba amezitoa katika kila upangaji, hata kama hazikuandikwa mahali popote.

Ahadi ya kwanza ni kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza masharti yake atakaa kwa amani bila kubughudhiwa na mwenye nyumba. Nyingine, ambayo kwetu ilikuwa na uzito kuliko zote, ni kwamba nyumba au chumba kinachopangishwa kwa kuishi kinafaa kukaliwa na binadamu siku upangaji unapoanza, na kitaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Mzee alikuwa akisema nyumba haikuwa na tatizo alipoikabidhi. Sheria inamtaka aende mbele zaidi ya siku ile. Kisha, pale inapopangishwa sehemu tu ya jengo, kama vyumba vyetu, ni juu ya mwenye nyumba kutunza paa, kuta kuu, mifereji mikuu, njia za pamoja na mitambo ya pamoja. Bati lililotoboka, nyaya za darini na bomba la uani vyote vilikuwa humo. Tena nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au janga lisilotokana na uzembe wa mpangaji hata isikalike, kodi husimama, yote au sehemu yake, mpaka itengenezwe, na ikipita miezi sita bila kutengenezwa mpangaji anaweza kuuvunja upangaji kwa notisi ya mwezi mmoja. Nilipoisikia hiyo niliwakumbuka watu wa mabondeni, kandokando ya Mto Msimbazi, ambao maji yakiingia ndani hudeki, hukausha magodoro juani, na mwisho wa mwezi hulipa kodi ile ile kamili.

Dada yule alinisomea pia kifungu kinachofuata, ambacho ni cha wajibu wa mpangaji, na nilishukuru kwamba hakukiruka. Mpangaji hulipa kodi kwa wakati, hutunza anachokitumia, humruhusu mwenye nyumba kuingia kukagua kwa wakati unaofaa, na hatakiwi kuharibu. Nikarudi nyumbani nikijua kwamba habari ya friji mbili ilikuwa na jibu lake: bwana wa barafu alikuwa na la kurekebisha, lakini wingi wa mizigo ya umeme haukuitoboa bati wala haukuing'oa ethi.

Kilichobadilika baada ya hapo kilikuwa namna ya kuomba. Mpaka siku ile kila mmoja wetu alikuwa akimpigia mzee simu kwa wakati wake, kwa unyenyekevu wa mtu anayeomba fadhila, naye akimjibu kila mmoja kwa jibu lake. Tuliandika barua moja. Ilikuwa na tarehe, maelezo ya kila hitilafu na mahali ilipo, picha zilizochapishwa stationari, maoni ya fundi kwa maandishi pamoja na makisio ya gharama, kisha ombi kwamba matengenezo yaanze ndani ya siku 14. Tulitaja kifungu cha sheria kwa sentensi moja bila vitisho. Kila kaya ilitia saini, hata bwana wa friji, ambaye mwanzoni alikuwa mzito kwa kuogopa kwamba lawama zote zitamwangukia yeye. Nakala tuliipeleka ofisi ya Serikali ya Mtaa, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ile yenye muhuri tukabaki nayo.

Sitaki kuitukuza barua kuliko inavyostahili, lakini nimeona tofauti kati ya malalamiko ya mdomo na karatasi yenye muhuri. Simu inaweza kukanwa. Barua iliyopokelewa inathibitisha kwamba tangu tarehe fulani mwenye nyumba alijua hatari ilipo, na likitokea la kutokea hawezi kusema hakuarifiwa. Mzee aliielewa maana hiyo mapema kuliko nilivyotazamia. Mwenyekiti wa mtaa alituita pande zote mbili, akaongea kama mtu mzima anayewafahamu wote, na ikaonekana kwamba kikwazo halisi kilikuwa pesa: mzee hakuwa nazo kwa wakati ule na aliona haya kulisema mbele ya wapangaji wake.

Tukakubaliana hivi. Kaya zote zichange gharama za nyaya mpya za darini, fyuzi, ethi na bati mbili, na kila kaya ikatiwe mchango wake kwenye kodi ya kipindi kinachofuata. Makubaliano yaliandikwa pale pale ofisini, yakasainiwa na mzee na sisi, mwenyekiti akashuhudia. Napenda kusisitiza neno “yaliandikwa”, kwa sababu nawajua wapangaji waliotengeneza wenyewe kisha wakakata kodi kwa kuamini tu kwamba wana haki, wakajikuta wanadaiwa kodi pungufu na wanapewa notisi, huku fundi aliyekuja hakuacha hata risiti. Bwana wa barafu naye alikubali kufungiwa waya wake wa peke yake kutoka kwenye swichi kuu, kwa gharama yake. Fundi mwenye leseni alifanya kazi hiyo kwa siku chache, akapigilia fimbo mpya ya ethi na kuifunika kwa zege ili isiwashawishi wauza shaba. Koki ilivuliwa kitambaa.

Kama mazungumzo yangeshindikana, njia ilikuwapo, ingawa ni ndefu. Migogoro ya namna hii huanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha na si kutoa hukumu. Likishindwa hutoa hati ya kuthibitisha hivyo, au zikipita siku 30 bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mkataba wa maandishi una nguvu yake, na ni vizuri kujua kwamba mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haupokelewi kuwa ushahidi mpaka ulipiwe. Wapangaji wa vyumba huishia njiani kwa sababu ya nauli, muda na hofu ya kutolewa vyombo nje, na ndiyo maana naamini suluhu ya mtaani yenye karatasi ni bora kuliko haki kamili isiyofikiwa.

Katika kushughulika na umeme tuliyaona mengine ambayo hayakumhusu mzee peke yake. Kila usiku vijana wawili wa bodaboda walikuwa wakiingiza pikipiki zao ndani ya korido kwa kuogopa wezi, na petroli ilikuwa ikinuka mpaka vyumbani. Hatua chache kutoka hapo, mvua ikinyesha, majiko ya mkaa yalihamishwa kutoka uani yakawekwa mlangoni mwa vyumba. Korido ile ndiyo ilikuwa njia pekee ya kutoka, kwa sababu madirisha yote yalikuwa na nondo zilizochomelewa moja kwa moja kwenye fremu. Nondo hizo huwekwa kwa nia njema, kuzuia mwizi, lakini chumba chenye mlango mmoja na dirisha lisilofunguka humfungia mwenyewe ndani pale moto unapoanzia mlangoni. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza nondo zenye bawaba na komeo la kufuli kwa ndani, ufunguo ukatundikwa mahali ambapo kila mtu wa chumbani, hata mtoto, anapafahamu. Mzee alikubali kulipia dirisha la chumba cha familia yenye watoto wadogo. Madirisha mengine aliyakataa, na baadhi yetu tulijigharimia. Sioni kwamba hapo alitimiza wajibu wake wote, na nilimwambia hivyo kwa heshima.

Kuhusu pikipiki na mkaa tulipangiana wenyewe. Bodaboda zililala uani zimefungwa mnyororo kwenye nguzo ya zege. Jiko la mkaa halikuingia tena ndani, wala halikuachwa likiwaka chumbani ili kupasha joto au kuchemshia maharage usiku, kwa kuwa hewa yake ya sumu haina harufu na humuua mtu usingizini. Mitungi ya gesi ilikaa karibu na dirisha lililo wazi. Namba 114 ya Zimamoto iliandikwa kwa chaki ukutani karibu na swichi kuu, nasi tukawafundisha watoto kuizima swichi hiyo kwa ubao mkavu.

Mji huu umewahi kuombolezea majengo. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024 jengo la biashara likaanguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20, na serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Ukaguzi wa namna hiyo ni wa lazima na ulichelewa. Hata hivyo anayerushwa na umeme bafuni katika nyumba ya vyumba sita haundiwi timu. Majirani huzika, mita hufungwa kwa muda, kisha chumba hupata mpangaji mwingine, ambaye haambiwi lolote. Hilo huniuma, maana hatari ya nyumba hizi inaweza kuondolewa kwa pesa isiyofika hata kodi ya mwaka ya chumba kimoja.

Siku hizi kabla sijatoa pesa naomba kuonyeshwa swichi kuu ikiwa wazi, nafuata waya wa ethi mpaka unapoingia ardhini, naangalia dari kama ina madoa ya maji, nakanyaga mfuniko wa shimo la choo kwa uangalifu nikiwa nimeshika ukuta, na naangalia kama nyufa za kuta ni za plasta tu au zimekata tofali. Ninachokiona nakipiga picha mbele ya dalali. Kisha naomba sentensi moja iongezwe kwenye mkataba: kwamba mwenye nyumba akiarifiwa kwa maandishi kuhusu hitilafu ya hatari ataitengeneza ndani ya siku 14, na akishindwa, mpangaji ataitengeneza kwa fundi mwenye leseni na gharama itakatwa kwenye kodi kwa kuonyesha risiti. Wenye nyumba wengi niliowaomba waliiandika bila mabishano. Mmoja wa Yombo alikataa katakata, akasema mpangaji anayeanza na masharti ni mgomvi. Nilimshukuru, nikaenda kutafuta kwingine kabla sijalipa chochote.